Asosieti digrii ya ramani na ujenzi, chuo cha ufundi cha jimbo Minnesota: nimemaliza, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tano nimemaliza asosieti digrii yangu ya teknolojia ya usanifu na ujenzi wa majengo, ile wanayosema ya miaka miwili ingawa mimi imenichukua mitatu na nusu mana nilikua nasoma jioni na usiku niko zamu kwenye nyumba ya kulea wazee, na toka nimemaliza simu hazikauki, kila siku kuna kijana anauliza kaka pale pakoje, niende nisiende, nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome.

Jina la chuo sitaliweka. Yapo mazuri mengi na yapo mawili matatu yaliyoniumiza na wahusika bado wapo kazini pale. Ila ni chuo cha umma cha jimbo, na kozi kama hii iko vyuo kadhaa, kwahiyo nachosema utakitumia popote unapoenda kupima.

Mimi nyumbani Mwanza. Nilisoma uashi VETA, baadae nikajifunza kuchora ramani kwa jamaa mmoja aliekua na ofisi ndogo, nimechora nyumba za vyumba vitatu na mabanda ya uani nyingi tu na nimesimama saiti nahesabu mifuko ya simenti. Nilipofika huku nikabeba boksi miaka miwili kwenye maghala, alafu nikaingia kazi ya wazee, lakini moyo haukutulia, kila nikipita mahali wanasimamisha nyumba za mbao nasimama naangalia mpaka baridi inanifukuza.

Kosa la kwanza nililofanya nalieleza vizuri mana naona watu wetu wengi wanaingia hapohapo. Nilijaza fomu moja ya intaneti, nauliza tu kozi, jioni hiyohiyo simu, kesho yake simu tatu, dada ana sauti nzuri ananiambia nafasi zimebaki chache na muhula unaanza Jumatatu. Chuo cha kibiashara, masomo yote kwa mtandao. Nikaingia. Miezi tisa, karibu dola elfu saba zimeondoka, nyingine ni mkopo wa serikali umekaa kwenye jina langu mpaka leo, na kwa muda wote huo nilichochora ni plani moja ya nyumba ya chini, bila hata seksheni, yaani mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa kwa kisu uone ndani. Nilipotaka kuhama, chuo cha jimbo wakapitia matokeo yangu wakapokea somo moja tu, la kuandika insha za Kiingereza. Yale ya kuchora yote wakasema hapana, utaanza upya. Nilikaa kwenye gari pale paking nikashindwa kuwasha.

Swali ambalo lingeniokoa ni dogo, krediti zenu, yaani pointi za masomo niliyomaliza kwenu, nani anazipokea, nionyesheni kwa maandishi. Sio kwa mdomo, sio kwa simu. Chuo kinachoaminika kina karatasi za makubaliano na vyuo vya juu, inaandikwa somo hili kwetu ni somo lile kwao, na kina ithibati ya chombo kinachoeleweka, kwa upande huu wa katikati ya Marekani ni HLC. Na hata wakubwa huanguka, ITT Tech walikua na makampasi zaidi ya 130 nchi nzima na walikua wanafundisha hayahaya ya kuchora kwa kompyuta, Septemba 2016 wakafunga milango wanafunzi wako katikati ya kozi. Mwaka 2022 ndo serikali ikaja kufuta mikopo ya watu 208,000 waliosoma kule, jumla dola bilioni 3.9. Miaka sita mtu anaishi na deni la chuo ambacho hakipo.

Sasa hiki chuo nilichomaliza. Nilienda kukitembelea Jumanne ya kawaida saa kumi na mbili jioni, sio ile siku ya wageni ambayo kila kitu kimepangwa na waalimu wote wanatabasamu. Nawaomba sana nanyi mwende siku ya kawaida, jioni, mana ukiwa mtu wa kazi hiyo ndo saa utakayokua unasoma, uone kama taa za studio zinawaka na kama kuna mwalimu au kuna mlinzi peke yake.

Taa zilikua zinawaka. Meza kubwa, ukutani ramani za inchi 24 kwa 36 zimebandikwa na wino mwekundu wa mwalimu umejaa, harufu ya gundi na ya kadibodi za modeli. Kulikua na mama mmoja Msomali mwanafunzi wa mwaka wa pili, nikamuamkia nikamuomba anionyeshe kazi yake. Akafungua set nzima, yaani kurasa zote za ramani ya jengo moja, akaruka ukurasa wa mbele wenye ile picha nzuri ya nyumba na miti, akaenda moja kwa moja kwenye seksheni ya ukuta, akaweka kidole upande wa nje akaanza kuingia ndani. Saidingi ya nje, nyuma yake karatasi ya kuzuia maji ya mvua na upepo, nyuma yake ubao wa OSB, ule wa vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, alafu nguzo za mbao za 2x6 kila baada ya inchi 16, katikati ya nguzo sufi ya fibaglasi ya kuzuia baridi, alafu nailoni, alafu jipsamu ya nusu inchi, rangi.

Nikamuuliza mama hii nailoni ya nini. Akaweka kalamu chini. Akaniambia humu ndani watu wanapika, wanaoga, wanapumua, ule mvuke unatafuta njia ya kutoka kwenda kwenye baridi, ukipenya ukakutana na OSB iliyopoa unageuka maji, maji yanakaa ndani ya ukuta, mbao zinaoza na mwenye nyumba haoni kitu mpaka siku anatoboa apige msumari unazama. Kwahiyo nailoni inakaa upande wa joto, ndani, kabla ya jipsamu, ukiikosea upande ukuta umeuua kwa mkono wako mwenyewe.

Kwakweli sikuwahi kuuwaza ukuta namna ile. Kwetu ukuta ni tofali, plasta, rangi, na dirisha la kupitisha upepo wa ziwa, umemaliza. Na yule mama hakua mwalimu, alikua mwanafunzi kama mimi nitakavyokua, anaendesha basi la shule asubuhi. Siku ileile nikajaza fomu.

Kwahiyo kama unanisikiliza jambo moja tu kwenye maandishi yote haya, ukienda kutembelea chuo muombe mwanafunzi wa mwaka wa pili akufungulie set yake na akueleze seksheni ya ukuta toka nje mpaka ndani. Usiangalie zile picha za kompyuta zinazong'aa, programu inazitoa zenyewe siku hizi. Akiweza kukueleza kila tabaka linafanya kazi gani na likikosekana nini kinaharibika, pale kuna mwalimu. Akikwama akasema sijui tumekopi kwenye mfano, ondoka, hata kama jengo lao ni la vioo.

Na hapohapo niongeze kitu ambacho wengi hawafikirii. Ukuta wa Minnesota sio ukuta wa Houston. Kule joto na unyevu viko nje na ndani kuna kiyoyozi, mvuke unasukuma kutoka nje kuja ndani, ile nailoni ya ndani ambayo hapa tunaidai kule haitakiwi kabisa mana inashikilia maji. Kwahiyo ukisoma jimbo moja ukaenda kufanyia kazi jingine kuna mambo utajifunza tena. Kijana wa Dallas aliniambia anataka kuja kusoma huku kwa sababu ana binamu wa kulala kwake, nikamwambia mdogo wangu kama maisha yako ni Texas soma Texas, na ukiwa mkazi wa kaunti yenyewe unalipa ada ya chini kuliko mtu wa nje.

Masomo yenyewe ni krediti sitini na kitu. Mwaka wa kwanza unachora kwa mkono kidogo alafu AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, vifaa vya ujenzi, na sheria za ujenzi, mwaka wa pili Revit, programu ya kujenga modeli ya jengo kwenye kompyuta, karibu kila siku na somo kubwa la kutengeneza set kamili ya ramani ya kibali. Kwa mtu aliyetoka nyumbani kinachouma kwanza ni vipimo. Sisi tumezoea milimita na 1:100, huku ni robo inchi kwa futi moja, na mbao wanayoiita 2x4 ukiipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, mchoro wangu wa kwanza ulikataa kufunga kwa sababu hiyo tu, kila ukuta umezidi nusu inchi. Alafu msingi. Mwanza tunachimba mpaka tukute udongo mgumu au mwamba, hapa lazima ushuke chini ya barafu, eneo la Minneapolis ni inchi 42 na kaskazini ya jimbo ni 60, mana maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda yanavimba na yananyanyua msingi juu, yakiyeyuka unarudi chini, nyumba inapasuka kama chungu.

Somo lililonigusa kuliko yote ni la sheria za kumfikia mtu mwenye ulemavu, ADA ya 1990. Rampu ni moja kwa kumi na mbili, kila inchi moja ya kupanda inataka inchi kumi na mbili za urefu, kwahiyo ngazi tatu za inchi 7 ni inchi 21 na rampu yake ni futi 21, watu wanashangaa ni ndefu hivo. Usiku ule nikaenda kazini na tepu. Kuna nyumba moja ya wazee niliyokua nafanya, rampu ya nyuma kila siku nikimsukuma babu mmoja kwenye kiti cha magurudumu mikono inatetemeka nadhani ni uchovu wangu, nikapima, inapanda inchi 16 kwa urefu wa futi 10 na inchi 8. Moja kwa nane. Ilitakiwa iwe futi 16. Mwalimu akanikubalia niifanye ndo mradi wangu wa muhula, nikachora rampu mpya inayokunja kona, na jukwaa la kupumzikia juu na chini, nikampelekea meneja, miezi minne baadae mafundi wakaja. Babu alikua hai akapanda nayo. Kwa hilo peke yake ada yangu naiona imerudi.

Mabaya sasa. Somo la miundo, la kupiga hesabu za boriti na uzito wa theluji kwenye paa, tulibadilishiwa mwalimu mara mbili ndani ya muhula mmoja, wa tatu akaja akaanza kwake, mtihani ukatoka vya wa kwanza, watu sita waliacha. Maabara ya kompyuta ilikua inafungwa saa tatu usiku wakati darasa la jioni linaisha saa mbili na nusu, nusu saa ufanye nini, tuliandika barua darasa zima ikachukua mwaka mzima kusogezwa mpaka saa tano. Na mshauri wangu wa masomo, hili liliniuma, hakuniambia kwamba asosieti hii ni ile ya kazi, wanaiita AAS, na masomo mengi ya ufundi hayahami kirahisi kama ile asosieti ya kuhamia chuo kikuu. Niligundua muhula wa nne kwa kusoma mwenyewe. Nilikua nimeshachukua hesabu nyepesi ya fundi badala ya aljebra ya chuo, ikabidi nirudie kwa pesa yangu. Kwahiyo siku ya kwanza tu waulize, na hesabu na fizikia chukua zile zinazohama hata kama ni ngumu zaidi.

Na mwelewane kitu hiki mapema, digrii hii haikufanyi akitekti. Inakufanya mchoraji, msaidizi wa ofisi ya wasanifu, mtu wa makadirio, mkaguzi ukiendelea na vyeti vyake. Neno akitekti huku ni la leseni, huruhusiwi kujiita tu kama nyumbani tunavyomuita yeyote anayejua kuchora. Njia ya kawaida ni shahada yenye ithibati ya NAAB, chombo kinachopitisha shahada za usanifu, na NAAB hawagusi asosieti wala ile bachela ya kawaida ya miaka minne, wanapitisha B.Arch (bachela ya usanifu yenyewe), M.Arch (masta yake) na udaktari wake, basi. Hapa Minnesota University of Minnesota wana M.Arch na Dunwoody pale Minneapolis wana B.Arch. Alafu masaa 3,740 ya mazoezi ya kazi chini ya mpango wa AXP, alafu mitihani sita ya leseni inayoitwa ARE. Ni safari. Yapo majimbo machache yanakubali uzoefu wa kazi badala ya ile shahada, California wanataka miaka minane ya masomo na kazi ikijumlishwa pamoja na mtihani wao wa ziada, New York nao wana njia yao, na New York kuna City Tech pale Brooklyn, chuo cha CUNY, vile vyuo vya umma vya jiji, unaanza asosieti ya teknolojia ya usanifu na unaendelea na bachela ya teknolojia hapohapo bila kuhamisha kitu. Kwa mtu wa New York mimi ningeanzia kuuliza pale.

Pesa. Jaza FAFSA kwanza, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, ni bure, ukiona mtu anakudai hela kukujazia mkimbie. Ukiwa na grinikadi au ni mkimbizi au umepewa asailamu una haki ya kuomba Pell Grant, pesa ya serikali ya kusomea, kiwango cha juu dola 7,395 kwa mwaka na hairudishwi, wengi wetu hatujui tunadhani ni ya raia peke yao. Hapa Minnesota toka msimu wa masomo wa 2024 kuna North Star Promise, familia yenye kipato chini ya dola 80,000 wanalipiwa ada iliyobaki baada ya misaada mingine kwenye vyuo vya umma vya jimbo, mradi uwe mkazi na huna bachela tayari. Mimi ilinikuta mwishoni, muhula wa mwisho sikulipa ada kabisa na nilimpigia mama Mwanza usiku wa manane kumwambia.

Wenye viza ya mwanafunzi F-1 hamuingii kwenye hayo, na lazima mbebe krediti 12 kila muhula, kwahiyo hesabuni ada ya mgeni nzima kabla ya kupanda ndege. Ukimaliza asosieti unaweza kuomba OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani uliyosoma, ufanye kazi mwaka mmoja, lakini ule muda wa kuongezewa wa STEM (kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) ni kuanzia bachela, asosieti hauingii hata kozi iwe ya kiufundi kiasi gani. Kuna mawakala huko nyumbani wanasema tofauti, hapana, sio kweli.

Laptopu nunua ya Windows. Revit haina toleo la Mac, kuna binti darasani kwetu kaka zake walichanga wakamnunulia Mac ya bei kubwa kumpongeza, alilia. RAM 16 ni ya kuanzia, 32 utapumua. Programu zenyewe usinunue, Autodesk wanampa mwanafunzi bure kwa barua pepe ya chuo.

Kazi nimepata mwezi wa saba, ofisi ndogo ya watu tisa wanaochora nyumba na maduka. Siku ya usaili mzee mwenye ofisi alichukua set yangu akaanza kupekua, picha ya mbele hakuitazama hata sekunde mbili, akafika ukurasa wa ukuta akatulia, akaniuliza nailoni inaishia wapi ukuta unapokutana na sakafu ya juu. Nikamuonyesha. Akaniuliza naweza kuanza lini.

Nyota nakipa chuo nne kati ya tano, ile moja wameipoteza kwenye somo la miundo. Set yangu ninayo nyumbani, kurasa 14, nimeiprinti kwa ukubwa wake. Kijana yeyote aliyeko Minneapolis au Saint Paul anayefikiria kozi hii aje Jumapili mchana baada ya ibada, mke wangu atapika pilau, tutaisambaza mezani. Seksheni ya ukuta iko ukurasa wa tisa.